Siti binti Saad, Muuza Vyungu

Mtoto wa Iringa aliyemwona mama akipeleka vyungu sokoni aweza kufahamu mwanzo wa Siti binti Saad. Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa mkulima, na mama yake mfinyanzi. Siti hakupata kusoma. Alijitwika vyungu akaenda kuviuza mjini, naye alivinadi kwa kuimba. Mzigo ulikuwa mzito vilevile, lakini sauti yake ilisikika mbali, na wanunuzi wakatoka nje.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa taarabu. Wako waliomdharau kwa umaskini wake na sura yake; yeye aliwajibu kwa wimbo. Tena aliimba habari za wanyonge waliodhulumiwa, na machungu yaliyofichwa nyumbani yakapata kusemwa. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, katika Bara Hindi, sauti yake ikatiwa katika santuri. Alikufa mwaka 1950.

Nyimbo hazikumwondolea Siti taabu zote, bali zilimpa njia ya kuzichukua. Basi mtu asidharau kuimba, kusuka wala kufinyanga: kazi ya mikono miwili huchosha, lakini ikitiwa uzuri, moyo hutulia.