Koizumi Yakumo, mgeni aliyeandika hadisi za mizimu ya Japani

Kijana wa Idjwi anayesoma manga za kutisha kwenye simu anaweza kukutana na mwanamke wa theluji anayeua wasafiri kwa pumzi yake, ao mtu asiye na uso. Hadisi hizo ni za kale. Nje ya Japani zilijulikana sana kwa kazi ya mwanaume aliyezaliwa mbali, na ambaye kusoma Kijapani kulimshinda.

Patrick Lafcadio Hearn alizaliwa tarehe 27 Juni 1850, yeye pia kisiwani, huko Lefkada, Ugiriki. Mama yake alikuwa Mgiriki, na baba yake, mtu wa Ireland, alikuwa mganga katika jeshi la Uingereza. Wazazi waliachana, mtoto akalelewa Dublin na dada ya nyanya yake. Aliogopa mizimu, lakini usiku alifungiwa chumbani bila taa. Akiwa na miaka 16, jicho lake la kushoto lilipofuka kwa ajali shuleni.

Mwaka wa 1869 alifika Marekani bila pesa. Huko Cincinnati akawa mwandishi wa habari, akajulikana kwa habari za mauaji. Mwaka wa 1874 alimuoa Alethea Foley, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani. Sheria ya Ohio ilikataza ndoa hiyo, na mwaka uliofuata gazeti lake likamfukuza. Hata ndoa yenyewe haikudumu. Baadaye aliishi New Orleans, kisha kisiwa cha Martinique.

Alifika Japani mwaka wa 1890, akafundisha Kiingereza katika mji wa Matsue. Huko alimuoa Koizumi Setsu, binti wa familia ya samurai iliyofilisika. Usiku wakipunguza mwanga wa taa, Setsu akimsimulia hadisi za wafu. Mume alimkataza kusoma kitabuni, akitaka asikie maneno ya mke mwenyewe. Kisha aliziandika kwa Kiingereza.

Mwaka wa 1896 alipata uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo. Kitabu chake Kwaidan kilitoka mwaka wa 1904. Ndani yake kuna Hoichi, mwimbaji kipofu aliyeandikwa maneno matakatifu mwili mzima ili mizimu isimuone. Masikio yalisahauliwa, mzimu ukayang'oa. Yakumo alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 54. Filamu iliyotokana na hadisi zake ilipata tuzo huko Cannes mwaka wa 1965.

Bila Setsu, kitabu hicho kisingekuwapo. Na Idjwi pia kuna wazee wenye hadisi za Kihavu ambazo hazijaandikwa popote. Mzee akifa, anaenda nazo. Simu ileile ya kusomea manga inaweza kurekodi sauti ya nyanya, kama kuna mjukuu atakayeketi naye jioni na kumuomba asimulie.