Agatha Christie: Usimwamini sana anayekusimulia

Ushawahi kumaliza hadithi ya upelelezi ukahisi umechezwa? Basi mjue Agatha Christie, aliyezaliwa Torquay, Uingereza, 1890. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitoa dawa hospitalini, akazijua sumu vilivyo.

Mwaka wa 1926 akatoa The Murder of Roger Ackroyd. Unamwamini msimulizi, kumbe ndiye muuaji! Kuna wasomaji waliowaka. Lakini hebu rudia kusoma: dalili zote zilikuwepo. Msimulizi aliruka tu pale penyewe.

Desemba mwaka huohuo, Agatha mwenyewe akatoweka. Gari lake lilipatikana limeachwa. Watu wakajitungia mwisho: ameuawa na mumewe, amejiua, anatafuta kiki. Siku 11 baadaye akapatikana hotelini Harrogate, amejiandikisha kwa jina la ukoo la mpenzi wa mumewe. Mumewe akasema amepoteza kumbukumbu.

Agatha alifariki 1976. Tawasifu yake ilipotoka mwaka uliofuata, siku hizo 11 zilikuwa zimerukwa. Ni kama yule msimulizi wake!

Kwa hivyo ukikutana na mtu anayedai amelifumbua fumbo hilo, muulize dalili ziko wapi. Mwisho wa kulazimisha si jibu.