Zubeir bin Awwam na deni la marehemu

Arobaini ya baba yetu ilipokwisha, sisi watoto tulikaa sebuleni tukitaka kugawana. Mimi nilikuwa na hati ya uwakili aliyonipa alipoanza kuugua, na kwa hati hiyo niliendelea kupokea kodi za wapangaji hata baada ya kumzika, nikidhani bado ni wakala wake. Sheikh mmoja wa mtaani kwetu alinirekebisha. Uwakala hufa pamoja na aliyeutoa, iwe kwa Sharia ya dini au kwa sheria ya serikali. Kinachobaki ni deni, wasia na mirathi, kwa mpangilio huo. Kisha akanisimulia habari za Zubeir bin Awwam (R.A.), nami naona ni wajibu kuzifikisha kwa wenzangu.

Zubeir alikuwa mtoto wa Safiyya binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume (SAW). Alisilimu akiwa kijana mdogo, akahamia Uhabeshi na kisha Madina, akapigana Badr na Uhud, na ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Alimuoa Asmaa binti Abubakar, na mtoto wao Abdallah ndiye wa kwanza kuzaliwa Madina katika Muhajirina.

Watu walimwamini mno Zubeir. Walipomletea fedha awawekee amana, alikataa kuzipokea kama amana, akazichukua kama mkopo. Alichelea zisipotee, kwani amana ikipotea bila uzembe hasara ni ya mwenyewe, lakini mkopo hauna budi kulipwa. Hivyo ndivyo alivyojibebesha deni kubwa, si kwa anasa.

Mwaka 36 Hijria (656 Miladia), siku ya Vita vya Ngamia huko Basra, alihisi kuwa atauawa. Akamwita Abdallah, akamuusia auze mali na alipe deni, na akilemewa amwombe Mola wake Zubeir amsaidie. Zubeir alijitoa vitani, akauliwa huko Wadi as-Sibaa.

Abdallah alipopiga hesabu alikuta deni ni dirham 2,200,000. Fedha taslimu hazikuwepo. Kulikuwa na ardhi, ikiwemo ya Ghaba, nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Ghaba, ambayo Zubeir aliinunua kwa 170,000, ikauzwa kwa 1,600,000. Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alikuwa tayari kusamehe. Mtoto wa marehemu akakataa, akamkatia kipande cha ardhi hiyo.

Deni lilipokwisha, ndugu zake walitaka wagawiwe. Hakukubali. Kwa miaka minne alitangaza kila msimu wa Hija kwamba mwenye kumdai Zubeir ajitokeze. Ndipo akatoa theluthi iliyousiwa, akagawa iliyobaki, na kila mmoja wa wajane wanne akapata 1,200,000.

Ndugu msomaji, Abdallah alisubiri miaka minne, sisi tulishindwa kuvuka siku arobaini! Nilirudisha kodi zile kwenye mali ya marehemu, tukafanya kikao cha ukoo, tukaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na msikitini tukatangaza kuwa mwenye kumdai baba aje. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja fundi seremala na daftari lake, ndani mna saini ya baba. Alikuwa ameona haya kutudai msibani. Lau tungekwishagawana, angemfuata nani? Na baba angekuwa katika hali gani huko aliko?

Nawausia wazee wetu waandike madeni yao wakiwa hai na wamtaje mtu wa kuyasimamia. Na sisi watoto, tuanze kuuliza nani anamdai mzazi wetu kabla ya kuuliza fungu letu ni kiasi gani.

Wabillahi tawfiq.