Henrietta Lacks: Mwili Ulioshindwa, Seli Zisizokufa

Henrietta Lacks alizaliwa tarehe 1 Agosti 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Mamaye alipofariki mwaka wa 1924, alipelekwa kulelewa na babuye kijijini Clover, penye mashamba ya tumbaku ambayo wahenga wake waliyalima wakiwa watumwa. Mwaka wa 1941 aliolewa na David Lacks, wakahamia karibu na jiji la Baltimore na kujaliwa watoto watano.

Mwezi wa Januari 1951, akisumbuliwa na uvimbe na kutokwa na damu, alifika katika hospitali ya Johns Hopkins, ambako watu weusi walitibiwa katika wodi zilizotengwa. Alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari waliidhania kuwa ile ya kawaida. Uchunguzi uliorudiwa miaka ishirini baadaye ulibainisha kuwa ilikuwa ya aina adimu zaidi, inayochipuka katika tezi. Alitibiwa kwa madini ya radiamu, lakini maradhi yakaenea. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1951, akiwa na umri wa miaka 31, akazikwa Clover katika kaburi lisilo na alama.

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika miaka ya 1980, watafiti walioongozwa na Mjerumani Harald zur Hausen waligundua ndani ya seli za marehemu virusi vya HPV, aina ya 18. Katika wanawake wengi, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huvitambua virusi hivi na kuvitokomeza katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Hata hivyo, virusi hivi ni vijanja. Haviziui seli vinamojificha, hivyo hakuna mbiu ya kuwaamsha askari. Tena hufifisha alama ambazo kwazo askari humjua adui. Visipong'olewa, seli huharibika polepole kwa miaka mingi hadi kuwa saratani.

Henrietta angali hai, kipande cha uvimbe wake kilikatwa bila idhini yake, kikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Seli hizo, zilizopewa jina la HeLa, zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaana maabarani bila kikomo. Zilitumiwa kuijaribu chanjo ya polio, na ugunduzi wa zur Hausen ukachangia chanjo ya HPV, inayowafunza askari wa mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka kumi mnamo Oktoba 2019.

Huku seli zikiuzwa, jamaa zake hawakuwa na habari hadi miaka ya 1970. Hata jina lake lilipotoshwa likawa Helen Lane. Kaburi lake lilipata jiwe mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani likamtunukia heshima mwaka wa 2021, na mwaka wa 2023 warithi wake wakaafikiana na kampuni moja iliyofaidika kwa seli hizo. Wema wake kwa walimwengu haukadiriki. Ila wema huo ulitwaliwa, haukuombwa.