WILLIAM DE MORGAN: MFINYANZI ALIYECHOMA PAA AKITAFUTA MNG'ARO

Katika kurasa hizi nimekusudia kuwasimulia maisha ya William De Morgan, fundi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1839 na kufariki mwaka 1917. Bwana huyu alisifika kwa vyombo vya udongo vinavyometameta. Ukiitazama sahani yake kutoka huku unaona wekundu wa damu, ukisogea kidogo unaona dhahabu, ukisogea tena unaona zambarau, mithili ya shingo ya njiwa juani au mafuta yaliyomwagika juu ya maji ya mvua barabarani.

Mbona mimi, Mkenya, nimemchagua mfinyanzi wa London? Sababu ninayo. Mimi nasoma Sanaa na Kemia pamoja, na tangu nichague masomo hayo sijapumzika. Kila mtu ananiuliza nitakula nini. Wengine hucheka, ati Sanaa ni ya wale waliolemewa na Hisabati. Nilipoyasoma maisha ya De Morgan niliona kwamba swali hilo hilo lilimwandama yeye kwa miaka 35, na jibu lake si jepesi kama wanavyodhani wanaouliza, wala si tamu kama ambavyo ningependa mimi. Haya, tegeni masikio.

Kwanza, kwa wale wanaosema Sanaa ni kimbilio la walioshindwa na Hisabati: William alikuwa mwana wa Augustus De Morgan, profesa wa Hisabati wa chuo kikuu kimoja cha London, yaani University College. Ukisoma seti au mantiki ya kompyuta utakutana na sheria za De Morgan. Basi huyo ndiye baba mtu! Mamake, Sophia, alikuwa mwandishi. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya vitabu namna hiyo angetarajiwa kufuata nyayo za babake, lakini mwaka 1859 alijiunga na shule ya uchoraji ya Royal Academy. Huko nako hakuwa mchoraji wa kutisha. Alikuwa wa kawaida tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alijuana na William Morris, ambaye pamoja na rafiki zake walikuwa na kampuni ya kutengeneza samani, nguo za mapambo na madirisha ya vioo vya rangi kama yale ya makanisani. Morris na wenzake waliamini kwamba viwanda vya mashine vilikuwa vimejaza nyumba za watu takataka, na kwamba kitu cha kila siku kinastahili kufanywa kwa mkono na kwa uzuri. De Morgan akaanza kuwachorea madirisha na vigae.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Rangi ya manjano katika madirisha hayo hutokana na madini ya fedha yanayopakwa juu ya kioo na kuchomwa katika tanuri. De Morgan aligundua kwamba mara nyingine fedha hiyo huacha juu ya kioo utando unaong'aa kwa rangi nyingi. Fundi mwingine angeona kazi imeharibika, akatupa. Yeye akajiuliza: ikiwa kioo chaweza kung'aa hivi, kwa nini udongo usiweze?

Wakati huo alikuwa akiishi kwenye nyumba ya kupanga katika mtaa wa Fitzroy Square. Alijenga tanuri chini ya nyumba na kuelekeza moshi wake kwenye dohani ya kawaida, ile ya moto wa kuotea baridi. Sikwambii! Siku moja joto lilizidi, dohani ikashindwa, na paa likashika moto. Ikambidi aondoke, na mwaka 1872 akahamia mtaa wa Chelsea, ambako alianzisha karakana yake mwenyewe ya vyombo vya udongo.

Hapa naomba nisimame kidogo nieleze jambo alilokuwa akilitafuta, maana bila kulielewa maisha yake yataonekana ya kichaa. Vyombo vya kumetameta hakuvibuni yeye. Wafinyanzi wa Iraki walivifanya katika karne ya 9. Ufundi huo ukafika Misri, Uajemi na Hispania, na baadaye mafundi wa Italia wakaufanya katika miji kama Gubbio na Deruta. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tusijione wageni kabisa katika habari za vyombo vya nchi hizo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyombo vya Ghuba ya Uajemi huko Manda na Shanga, na wazee wetu wa kale walipachika bakuli za kigeni kwenye makaburi yao ya nguzo. Walijua kupenda chombo king'aacho.

Namna ya kuvifanya ni hii. Chombo huchomwa kwanza kikawa kigumu. Kisha hupakwa unga wa kioo na kuchomwa mara ya pili, kikapata ngozi nyororo. Juu ya ngozi hiyo fundi huchora maua, samaki au ndege kwa madini ya shaba au fedha yaliyochanganywa na udongo, halafu chombo hurudishwa tanurini mara ya tatu kwa joto la chini zaidi. Sasa huja hila yenyewe. Moto ukiwa mwekundu, hewa huzibwa na moshi hujazwa ndani. Gesi ya kaboni monoksidi katika moshi huo hutafuta oksijeni kwa pupa na kuinyakua kutoka kwenye madini. Wenzangu wa Kemia mmekwisha kuelewa: ni ule uondoaji wa oksijeni tunaofundishwa darasani. Kinachobaki ni chembe ndogo mno za shaba au fedha tupu zilizonaswa juu ya ile ngozi ya kioo. Chombo kikipoa hutoka kichafu, cheusi. Ukikisugua, mng'aro unajitokeza. Shaba hutoa wekundu, fedha hutoa umanjano wa dhahabu.

Ugumu uko kwenye moshi. Ukiwa haba, hupati mng'aro. Ukizidi, chombo chote kinaharibika. Siku moja ya kuchoma yaweza kumaliza kazi ya wiki nyingi. De Morgan alijaribu mwaka baada ya mwaka, akibadilisha madini, akibadilisha tanuri, mpaka akaweza kuweka mng'aro zaidi ya mmoja katika sahani moja.

Sifa zikamfuata. Mchoraji Frederic Leighton alipojenga Ukumbi wa Kiarabu nyumbani kwake London, kati ya mwaka 1877 na 1881, alikuwa na vigae vizuri vya kale kutoka Syria, lakini vingine vilikuwa pungufu. De Morgan ndiye aliyevipanga na kutengeneza vya kujazia mapengo, na hadi leo ukumbi huo hustaajabiwa na wageni. Alitengeneza pia vigae vya mashua ya kifalme ya Tsar wa Urusi, iliyoitwa Livadia, na vya meli za abiria za kampuni ya P&O. Mwaka 1882 alihamia Merton Abbey, karibu na karakana za Morris, na mwaka 1888 akajenga kiwanda huko Fulham akishirikiana na mjenzi Halsey Ricardo.

Lakini je, alikula nini? Hapa ndipo penye uchungu. De Morgan hakuwa mtu wa hesabu za fedha, ingawa babake alikuwa bingwa wa Hisabati. Vyombo vyake viliuzwa ghali, lakini gharama ya kuvifanya ilikuwa ghali vilevile. Kila alipohama alijenga tanuri upya. Kila alipopata njia iliyofaulu, hakutulia aiuze njia hiyo, alikimbilia jaribio jingine. Viwanda vikubwa vilikuwa vikitoa vigae vya bei rahisi kwa maelfu. Mwaka 1887 alimwoa Evelyn Pickering, mchoraji hodari, na fedha za mkewe nazo ziliingia katika tanuri lile lile. Mimi nikisoma hapo humwonea Evelyn huruma kuliko mumewe.

Tena si kwamba kila kitu alikifanya De Morgan peke yake. Yeye hasa alikuwa mbunifu na mjaribuji. Waliokaa na brashi kuchora juu ya vyombo ni kina Charles na Fred Passenger, ambao ni ndugu, na wenzao. Aliyeshughulika na moto ni Frank Iles. Afya yake ilipozorota, yeye na mkewe wakawa wanakimbilia Florence, Italia, wakati wa baridi. Alikuwa akituma michoro London kwa posta, nao wafanyakazi wanaendeleza kazi. Biashara gani hiyo ya kuendeshwa kwa barua? Lakini iliendeshwa.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo kwangu ndilo kubwa kupita yote. Wafinyanzi wengi wa zamani walificha siri ya mng'aro, baba akimnong'onezea mwanawe. De Morgan, aliyechoma paa na kupoteza mali kwa sababu ya siri hiyo, mwaka 1892 alisimama mbele ya Society of Arts mjini London akaeleza waziwazi jinsi kazi inavyofanywa. Alikiri pia kwamba ufundi huo haukuwa umepotea kabisa, kwani kabla yake walikuwapo mafundi wa Italia walioufufua. Angeweza kujitangaza kuwa yeye ndiye mgunduzi, na wengi wangeamini. Hakufanya hivyo. Mwaka uliofuata alikwenda Cairo kuchunguza kama Misri, iliyokuwa moja ya makao ya kale ya ufundi huo, ingeweza kuanzisha tena kiwanda cha vyombo vya namna hii.

Ushirika na Ricardo ulikwisha mwaka 1898. De Morgan akaendelea na Iles na ndugu wawili wa Passenger hadi mwaka 1907, mambo yakaisha. Jamani, fikirini: mtu wa miaka 67, kazi ya miaka 35 imefungwa, na faida hakuna.

Kumbe Mungu alikuwa hajamaliza naye! Miaka michache kabla ya hapo, akiwa mgonjwa, alikuwa ameanza kuandika hadithi kwa kujipumbaza. Inasimuliwa kwamba alizitupa kurasa za mwanzo, na Evelyn akaziokoa na kumhimiza aendelee. Mwaka 1906 riwaya hiyo, Joseph Vance, ilichapishwa akiwa na umri wa miaka 66. Ikapendwa mno Uingereza na Marekani. Mwaka uliofuata, ule ule wa kufungwa kwa kiwanda, ikatoka Alice-for-Short. Fedha ambazo udongo ulimnyima kwa miaka 35, kalamu ilimpa katika muda mfupi. Alifariki tarehe 15 Januari 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na inasemekana aliambukizwa homa na askari aliyekuja kumtembelea kutoka vitani. Evelyn ndiye aliyekamilisha riwaya mbili alizoziacha, kisha naye akafariki mwaka 1919.

Sasa angalieni yaliyofuata. Riwaya zile zilizompa utajiri, ni wachache wanaozisoma leo. Vyombo vilivyomtia hasara ndivyo vinavyotafutwa na wakusanyaji kwa udi na uvumba. Dadake Evelyn, Wilhelmina Stirling, aliyeishi karibu miaka 100 hadi 1965, aliandika maisha yao na kukusanya vyombo na picha zao, na mkusanyo huo sasa uko chini ya shirika lenye jina la De Morgan. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London nalo lina vingi.

Basi jibu la swali langu ni lipi? Wapenda Sanaa tungependa kusema kwamba De Morgan alishinda, kwa kuwa jina lake lingalipo. Wapenda Biashara watasema alishindwa, maana kiwanda kilifungwa na mali ya mke ikateketea. Mimi nasema wote wana haki nusu. Aliweza kushindana na moto kwa sababu alikuwa na mke mwenye subira na mali, wachoraji wenye mikono mitulivu na Iles wa kulinda tanuri. Alichokosa ni mtu wa kuhesabu, tena wa kumwambia hapana.

Hivyo wenzangu mnaosoma Biashara, msitucheke tunapopita na brashi zetu. Nasi wa Sanaa tusiwaone kama watu wasiojua uzuri. Kesho mmoja wetu ataanzisha karakana ya vyungu, na atahitaji mjuzi wa moshi, mjuzi wa rangi na mjuzi wa vitabu vya fedha, wote chini ya paa moja, tena paa lisiloungua. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.