Imamu Ghazali: Msomi Aliyeitafuta Yakini

Utangulizi

Aulizwapo mtu kwa nini anamwamini Mungu, mara nyingi jibu lake la kwanza huwa ni nyumba aliyozaliwa. Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kauli hiyo huthibitika katika dini kuliko katika jambo jingine lolote. Jibu hilo ni la kweli, lakini je, linatosha? Zaidi ya miaka 900 iliyopita, msomi mmoja wa Uajemi aliliona halitoshi, naye akakubali kuacha cheo na mali ili alitafute jibu jingine. Makala haya yanadhamiria kuyaangaza maisha ya msomi huyo, Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, na kuonyesha sababu zilizomfanya aamini. Lengo letu si kumwingiza msomaji katika dini yoyote wala kumtoa. Lengo ni kumwonyesha mwalimu aliyejiuliza swali ambalo wasomi wengi hulikwepa: je, haya ninayoyafundisha ninayajua kwa hakika, au ninayakariri tu jinsi nilivyoyapokea?

Makuzi na Masomo

Ghazali alizaliwa takriban mwaka 1058 huko Tus, katika jimbo la Khorasan, kaskazini-mashariki mwa Iran ya leo. Inasimuliwa kwamba babake alikuwa fukara aliyesokota sufu na kuiuza, na kwamba alipokaribia kufa aliwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, mikononi mwa rafiki yake Msufi ili wapate elimu ambayo yeye mwenyewe aliikosa. Akiba ya malezi ilipokwisha, watoto hao walipelekwa katika madrasa iliyowapa wanafunzi chakula na malazi. Hivyo basi, kilichompeleka Ghazali kwenye elimu mwanzoni kilikuwa njaa, na jambo hilo halikumtoka akilini.

Baada ya Tus alikwenda kusoma Jurjan. Wapokezi wa habari zake husimulia kwamba akiwa njiani kurudi nyumbani, wanyang'anyi waliuvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na daftari alimoandika masomo yake. Akamfuata mkuu wao na kumsihi amrudishie daftari hilo, kwa kuwa ndimo ilimokuwa elimu yake yote. Mkuu yule akamcheka, akitaka kujua ni elimu gani hiyo ambayo mwizi anaweza kuiiba ikaisha. Daftari alirudishiwa, lakini maneno yale yalimchoma, naye akatumia miaka mitatu kuyahifadhi moyoni yote aliyokuwa ameyaandika. Hapo ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza swali litakalomwandama maisha yake yote, yaani tofauti kati ya elimu ambayo mtu anayo na elimu ambayo imekuwa sehemu ya nafsi yake.

Kutoka hapo alikwenda Nishapur, akawa mwanafunzi wa Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya itikadi katika zama zake. Juwayni alipofariki mwaka 1085, Ghazali alijiunga na kundi la wasomi waliomzunguka Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki. Mwaka 1091 waziri huyo alimteua kufundisha katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad. Alikuwa na umri wa takriban miaka 33 tu. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa lake, na watawala walimtaka ushauri. Kwa macho ya ulimwengu, alikuwa amefika.

Shaka

Hata hivyo, chini ya fahari hiyo palikuwa na ufa. Katika kitabu alichokiandika miaka ya mwisho ya uhai wake, al-Munqidh min al-Dalal, yaani kile kinachomwokoa mtu na upotevu, Ghazali anasimulia kwamba tangu ujanani aligundua kuwa watoto wa Wakristo hukua wakawa Wakristo, wa Wayahudi wakawa Wayahudi, na wa Waislamu wakawa Waislamu. Ikiwa kila mmoja anaishika imani yake kwa sababu hiyo moja, basi sababu hiyo haiwezi kutenganisha ukweli na uongo. Alitaka elimu ya yakini, kama mtu ajuavyo kwamba kumi ni zaidi ya tatu. Hata akitokea mtu wa kugeuza fimbo ikawa nyoka ili kuthibitisha kwamba tatu ni zaidi ya kumi, alisema, yeye angestaajabia uhodari wake lakini asingeitilia shaka hesabu.

Kwa kipimo hicho alianza kukagua alichokuwa nacho. Aliichunguza milango ya fahamu, akaona kwamba jicho hukiona kivuli kimesimama ilhali kinasogea, na huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu ilhali hesabu za wanafalaki zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Basi akili ndiyo iliyoupindua ushahidi wa jicho. Lakini je, ni nini kinachozuia hakimu mwingine aliye juu ya akili kuja kuipindua akili nayo? Alikumbuka kwamba mtu aotapo ndoto huamini yote anayoyaona, na ni pale tu azindukapo ndipo ajuapo kuwa hayakuwapo. Huenda uhai huu nao ni usingizi wa aina yake. Kwa muda wa karibu miezi miwili, Ghazali hakuwa na uhakika wa chochote, ingawa kwa ulimi aliendelea kusema kama wengine.

Aliponaje? Kwa mujibu wa maelezo yake, hakupona kwa kutunga hoja, kwa maana kila hoja huhitaji misingi, nayo misingi yenyewe ndiyo iliyokuwa imetiliwa shaka. Alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake, na imani yake katika kweli za msingi za akili ikarejea. Hii ndiyo sababu yake ya kwanza ya kuamini, nayo ni ya kibinafsi kabisa. Aliona kwamba hata kuitegemea akili yenyewe ni neema.

Makundi Manne

Akiwa na afya hiyo mpya, aliyachunguza makundi manne ya waliodai kuujua ukweli. Wanatheolojia aliwaona wanafaa kuilinda imani ya aliyekwisha kuamini, ila hawakumtosheleza asiyekubali misingi yao. Wabatini, waliofundisha kuwa ukweli hupokewa kwa imamu asiyekosea, hawakuweza kumwonyesha ni elimu gani waliyoipata kwa imamu huyo. Falsafa aliisoma peke yake, katika saa alizoziiba kati ya kufundisha na kuandika, kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha akaitafakari kwa takriban mwaka mmoja zaidi. Tunda la kazi hiyo ni Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokikamilisha mwanzoni mwa mwaka 1095. Humo alizipinga kauli 20 za wanafalsafa, na tatu kati yake akazihukumu kuwa ni ukafiri: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu hajui mambo moja moja, na kwamba miili haitafufuliwa. Hukumu hiyo ilikuwa kali, na baadaye Ibn Rushd wa Andalusia aliandika kitabu kizima cha kumjibu. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Ghazali hakuikataa hesabu wala mantiki. Alionya kwamba anayeitetea dini kwa kuzikana sayansi zilizothibitishwa huidhuru dini hiyo kuliko adui yake.

Kundi la nne lilikuwa Masufi. Hapa alikumbana na jambo jipya. Vitabu vyao alivisoma upesi, akafahamu kwamba kilichobaki hakisomeki bali huonjwa. Alitoa mfano wa daktari mgonjwa: anaijua fasili ya afya, sababu zake na dawa zake, lakini afya yenyewe hana.

Ulimi Kukauka

Ghazali alijitazama akaona yeye ndiye yule daktari. Aliipima nia yake ya kufundisha, akaona haikuwa kwa ajili ya Mungu, bali kwa ajili ya cheo na sifa. Kwa karibu miezi sita kuanzia Julai mwaka 1095 alivutwa huku na kule. Asubuhi aliazimia kuondoka Baghdad, na jioni jeshi la matamanio likalivunja azimio hilo. Mwishowe mwili ulikata shauri. Siku moja alijikaza afundishe ili kuwaridhisha wanafunzi wake, na ulimi haukutamka neno. Chakula hakikupita kooni, nguvu zikamwishia, na matabibu wakakata tamaa, wakisema kwamba maradhi yametoka moyoni na hayana dawa ila moyo wenyewe upumzike.

Mwezi Novemba mwaka huo aliondoka. Aliigawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto, akatangaza kwamba anakwenda Makka ilhali nia yake ilikuwa Sham. Nduguye Ahmad akamshikia nafasi ya kufundisha. Wapo wataalamu wa baadaye waliotilia shaka maelezo haya. Wanakumbusha kwamba Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092, kwamba mauaji hayo yalihusishwa na Wabatini ambao Ghazali aliwaandikia vitabu vya kuwapinga, na kwamba ikulu ya Waseljuki ilikuwa imegawanyika. Huenda hofu nayo ilikuwa na sehemu yake. Lakini anayekimbia kwa hofu tu hutafuta mlinzi mwingine mwenye nguvu. Ghazali alikwenda kuishi maisha ya ufukara. Huko Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Alikwenda Jerusalem, kisha Hebron, ambako kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu aliweka nadhiri ya kutopokea mali ya watawala, kutokwenda mabarazani mwao na kutoingia katika mabishano. Baadaye alihiji, hatimaye akarudi kwao Tus. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, kazi yake kuu yenye vitabu 40, inayoanza na elimu na kumalizikia kwenye kifo na maisha ya baadaye.

Sababu za Kuamini

Je, alirudi na sababu gani? Ghazali alifikia kauli kwamba nabii hujulikana kama ajulikanavyo tabibu. Aliyejifunza utabibu akisoma kazi za Galen humtambua mwenyewe kuwa alikuwa tabibu, pasipo kuhitaji kuambiwa. Vivyo hivyo, aliyeyatenda maagizo ya nabii mara nyingi, akaona yanavyomtibu moyo, hupata yakini isiyotegemea muujiza mmoja. Miujiza ni ushahidi mmojawapo tu. Yakini hujengwa na mambo mengi yanayokutana, kama vile habari tunayoipokea kwa watu wengi mno hata tusiweze kusema ni msemaji yupi hasa aliyetufanya tuisadiki.

Hapa pana ugumu ambao hatuna budi kuutaja. Kilichoonjwa na mmoja hakimshibishi mwingine, na mfuasi wa dini tofauti naye anaweza kudai kwamba ameonja. Ghazali alilifahamu hilo, na ndiyo maana hakuitupa akili. Aliitumia kupima madai, ila hakuitarajia ilete kile kinacholetwa na kuishi tu. Yamkini nguvu ya ushuhuda wake inatokana na gharama aliyoilipa, kwa sababu alikuwa na hoja zote na bado akakiri kwamba hazikumtosha.

Mwaka 1106 aliitwa na Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, kufundisha Nishapur, naye akakubali. Wapo waliomlaumu kwa kuilegeza nadhiri yake. Yeye alieleza kwamba japo amerudi darasani, kwa hakika hakurudi: awali alifundisha elimu ya kutafutia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kuachia cheo. Baadaye alirejea Tus, na huko akafariki mwezi Desemba mwaka 1111.

Hitimisho

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, Ghazali si mgeni kamwe. Maneno shaka, dhana, yakini, akili na nafsi, ambayo kwayo aliisimulia safari yake kwa Kiarabu, ndiyo tuliyo nayo vinywani hadi leo. Fauka ya hayo, alipoifasili elimu ya yakini, aliieleza kuwa ni ile ambamo kijulikanacho hufunuka kwa inkishafu isiyoacha shaka. Mwanafunzi wa fasihi atalitambua neno hilo mara moja, kwani ndilo jina la utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeusemesha moyo wake mbele ya magofu ya Pate. Hatudai kwamba mmoja alimnakili mwingine. Tunasema tu kwamba wote wawili walisimama mbele ya fahari inayopita, mmoja akiiacha na mwingine akiitazama magofuni, na kila mmoja akauhoji moyo wake.

Msomi wa leo, awe na dini au asiwe nayo, hukariri mengi darasani na katika mitihani. Kwa Ghazali anaweza kujifunza kulikagua daftari lake mwenyewe, ili ajue ni yapi humo ambayo mwizi akiyachukua yatakuwa yamekwisha, na ni yapi yatakayobaki.