Ellen Church, muuguzi aliyefungua njia ya angani

Katika namba hii tunawaletea maisha ya Ellen Church, mwanamke wa kwanza duniani kufanya kazi ya hostesi wa ndege. Tumemchagua kwa sababu moja. Mukiuliza wasichana wa shule wanataka kazi gani kesho, hamutakosa mmoja wa kusema hostesi, na wenzake watamcheka, eti ile ni kazi ya sura nzuri tu na ya kuchekea watu. Maisha ya huyu mama yanatufundisha jambo lingine.

Ellen alizaliwa tarehe 22 Septemba 1904 karibu na Cresco, mji mdogo wa jimbo la Iowa, kule Marekani. Alikulia shambani. Akasoma uuguzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akamaliza mwaka 1926, kisha akapata kazi katika hospitali moja ya San Francisco. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Alijifunza kurusha ndege, na mwaka 1930 akaenda kuomba kazi ya rubani katika kampuni ya Boeing Air Transport. Wakati ule kampuni za ndege hazikutaka kabisa kumpa mwanamke kazi ya namna hiyo. Mlango ukafungwa.

Mwingine angerudi nyumbani na kununa. Yeye aliangalia shida ya kampuni yenyewe: watu waliogopa kupanda ndege. Akamwambia mkubwa wa ofisi ile, Bwana Steve Stimpson, kwamba wakiweka wauguzi ndani ya ndege, wasafiri watapata moyo. Wanaume walikuwa wamekwisha kuifanya kazi ile. Mjerumani Heinrich Kubis alihudumia wasafiri angani tangu 1912. Lakini mwanamke, hapana bado. Kampuni ikakubali kujaribu kwa miezi 3, na wauguzi 8 wakaandikwa, Ellen akiwa wa kwanza.

Tarehe 15 Mei 1930 ndege iliondoka Oakland, ng'ambo ya San Francisco, kwenda Chicago, na wasafiri 14. Ni karibu kilomita 3,000, kama mara mbili ya njia ya angani kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa. Walisafiri saa 20, wakitua njiani mara 13. Ndege za wakati ule ziliruka chini, katikati ya upepo na mawingu, zikitikisika sana, na watu wengi walitapika. Nani aliwapangusa na kuwatuliza? Ni hostesi. Tena aligawa chakula, alibeba mizigo, alifagia ndani, aliangalia kama viti vimekazwa sawasawa sakafuni, na pengine alisaidia kutia mafuta. Alikuwa akichunga hata mlango, msafiri anayetafuta choo asije akafungua ule wa nje. Mshahara ulikuwa dola 125 kwa mwezi.

Masharti nayo yalikuwa magumu. Hostesi awe muuguzi mwenye diploma, asipite miaka 25, asizidi kilo 52 hivi, tena asiwe na mume. Aliyeolewa alipoteza kazi yake. Sisi tunaona hii haikuwa haki, kwani ndoa haiondoi akili ya mtu wala nguvu za mikono yake. Baadaye mahostesi wa Marekani walipigana na sharti hili wakitumia sheria ya mwaka 1964 inayokataza ubaguzi kazini, mpaka likaondolewa.

Ellen hakukaa sana angani. Baada ya miezi 18 hivi aliumia katika ajali ya motokari, akalazimika kuacha. Basi akarudi masomoni Minnesota, akaongeza diploma, akaendelea na uuguzi. Vita kuu ya pili ilipokuja, alirudi ndani ya ndege, lakini sasa abiria wake walikuwa askari waliojeruhiwa, akiwatoa Afrika ya Kaskazini na Italia. Alifika cheo cha kapiteni, akapewa medali. Kisha vita, aliongoza wauguzi wa hospitali ya Terre Haute, jimbo la Indiana, na baadaye akaiongoza hospitali yenyewe. Aliolewa mwaka 1964. Tarehe 22 Agosti 1965 alikufa, kwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Uwanja wa ndege wa Cresco unaitwa kwa jina lake.

Leo hostesi halazimishwi kuwa muuguzi, na wanaume wengi wanafanya kazi hii. Lakini msingi ni ule ule. Kabla ndege kubwa haijaruhusiwa kubeba watu, lazima ionekane kwamba wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, hata nusu ya milango ikifungwa. Moto ukiwaka, ni hostesi anayefungua mlango na kuwatoa watu. Anajifunza pia kuzima moto na kumsaidia anayezimia. Kile chakula anachogawa ni sehemu ndogo ya kazi yake.

Ndugu zetu, Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu, na hakupungukiwa na heshima. Tusidharau basi kazi yoyote ya kuhudumia watu. Na msichana anayetaka kuwa hostesi asome kwa bidii: lugha, hesabu, na elimu ya mwili wa mtu. Na kama anataka kuwa rubani, asome vilevile, kwa maana mlango aliofungiwa Ellen sasa uko wazi.